Joseph Fourier: Mtafiti wa joto aliyewaachia wanamuziki hesabu

Katika shule na vyuo vyetu imekuwa desturi kumweka mwanafunzi wa muziki upande mmoja na wa hisabati upande wa pili, kana kwamba wawili hao hawatakutana maishani. Wa kwanza husifiwa kwa kipawa, wa pili kwa akili. Mimi ninayefundisha isimu nauona mgawanyo huu hauna mashiko, na hoja yangu yote imo katika maisha ya Mfaransa Joseph Fourier, ambaye hakuwa mwanamuziki wala hakukusudia kuwa mmoja.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 mjini Auxerre, mwana wa mshonaji nguo, na alipofikia umri wa miaka kama kumi alikuwa yatima wa baba na mama. Watawa Wabenedikto walimsomesha katika shule ya kijeshi ya mji huo, na huko hisabati ikamteka. Alitamani kuwa afisa wa mizinga. Mlango ukafungwa kwa kuwa hakuwa wa nasaba ya kikabaila. Akawa mwalimu. Mapinduzi ya Ufaransa yalimwinua na nusura yamwangamize: mwaka 1794 alitiwa gerezani, na yamkini angaliuawa kama Robespierre asingalianguka Julai mwaka huo huo. Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon hadi Misri, akawa katibu wa taasisi ya wanazuoni iliyoundwa jijini Kairo. Aliporejea 1801 alitaraji kurudi darasani, lakini Napoleon akamfanya mkuu wa mkoa wa Isère, makao yake yakiwa Grenoble. Huko alisimamia ukaushaji wa vinamasi na ujenzi wa barabara. Utafiti aliufanya kwa saa alizoziiba kazini.

Swali lililomshughulisha ni jinsi joto linavyosafiri ndani ya kitu kigumu, tuseme pete ya chuma iliyotiwa motoni upande mmoja. Mnamo Desemba 1807 aliwasilisha jibu lake kwa wanazuoni wa Paris: mchoro wowote wa joto, hata uliojaa kona na miruko, waweza kuandikwa kuwa jumla ya mawimbi sahili, moja juu ya jingine, kila moja na kipimo chake. Mzee Lagrange, mwanahisabati mashuhuri, akakataa katakata.

Kwa nini akawa mkali hivyo? Hapa ndipo muziki unapoingia, nami namwomba msomaji atue kidogo. Zaidi ya miaka hamsini kabla ya hapo, wanahisabati wa Ulaya walibishana vikali juu ya uzi wa ala ya muziki unapochezwa. Mnamo 1753 Daniel Bernoulli alishikilia kwamba uzi hutetemeka kwa namna nyingi kwa wakati mmoja: mzima wote, kwa nusu zake, kwa theluthi, kwa robo, na mwendo wake ni mkusanyiko wa mitetemo hiyo yote. Euler na d'Alembert walimpinga. Lagrange naye, akiwa kijana wa miaka 23 huko Turin, aliandika mwaka 1759 kuhusu asili ya sauti na hakuikubali rai ya Bernoulli. Sasa anakuja mkuu wa mkoa, na joto la chuma mkononi, kumfufulia ugomvi wa nyuzi aliodhani umezikwa!

Simshtaki Lagrange kwa inda. Uthibitisho wa Fourier ulikuwa na mapengo. Hata alipotuzwa kwa kazi aliyoiwasilisha 1811, waamuzi walimkosoa waziwazi. Kitabu chake kuhusu joto kilitoka 1822, Lagrange akiwa kaburini tangu 1813. Dirichlet alianza kuyaziba mapengo hayo mwaka 1829, na Fourier akafariki jijini Paris tarehe 16 Mei 1830.

Hakuishi kuona kazi yake ikifika masikioni. Mwaka 1843 Georg Ohm, yule yule wa kanuni ya umeme, alidai kwamba sikio huichambua sauti katika mawimbi sahili. Helmholtz akalieleza jambo hilo kwa mapana mwaka 1863. Chukua noti ambayo okestra hulinganisha ala zake kwayo: mitetemo 440 kwa sekunde. Uzi ukiitoa, huja pamoja na 880, 1,320, 1,760 na kuendelea. Udi na fidla, zikitoa noti hiyo moja, hutofautiana kwa sehemu kubwa katika nguvu ya kila mojawapo. Irabu nazo ni vivyo hivyo. Imba a, kisha i, bila kupandisha wala kushusha sauti: kilichobadilika ni umbo la kinywa, ambalo limetia nguvu mitetemo mingine. Wanafunzi wangu wa fonetiki huliona hilo kwenye michoro ya kompyuta.

Katika studio, fundi anayepunguza besi au kung'arisha sauti ya mwimbaji hugusa vipande hivyo hivyo. Kikwazo kilikuwa wingi wa hesabu. Kuchambua vipimo 1,024 vya sauti kwa njia ya moja kwa moja hudai kuzidisha zaidi ya mara milioni moja; mwaka 1965 Cooley na Tukey walichapisha njia ya mkato inayotosheka na takriban mara elfu kumi. CD, iliyoingia sokoni 1982, hubeba vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na muziki wa MP3 huchujwa kwa hesabu za ukoo huo huo, zinazoamua ni vipande gani vyaweza kutupwa sikio lisitambue.