BILL WILSON, MLEVI ALIYETAFUTA MLEVI MWENZAKE



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa: wafalme, wavumbuzi, wamisionari. Safari hii tumechagua mtu aliyekuwa mlevi kwa miaka 17. Jina lake ni Bill Wilson, Mmarekani. Juu ya nini yeye? Ni kwa sababu kila mmoja wetu anajua nyumba moja ambamo pombe inakula feza ya masomo, na watu wa nyumba ile wanajiuliza kila siku: tumpeleke wapi? Bill Wilson aliulizwa swali lile, tena akalijibu. Basi tumfuate pole pole.

1. Utoto wake

Bill alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika East Dorset, kijiji cha jimbo la Vermont, upande wa kaskazini-mashariki ya Marekani. Alizaliwa ndani ya hoteli ya nyanya yake, katika chumba kilichokuwa nyuma ya baa. Mwaka 1906 baba yake alitoka nyumbani akaenda mbali, na mama yake akaenda mji wa Boston kujifunza kazi ya kutunza wagonjwa wa mifupa. Bill na dada yake wakabaki kwa babu na nyanya, wazazi wa mama.

Siku moja babu alimwambia kwamba hakuna mtu anayeweza kutengeneza ile fimbo ya kutupa inayomrudilia mwenyewe, isipokuwa watu wa Australia tu. Bill akachonga miti kwa miezi mingi mpaka akaiweza. Alitaka kuwa wa kwanza katika kila jambo. Lakini mwaka 1912, alipokuwa shuleni, msichana aliyempenda akafa nyuma ya kupasuliwa hospitalini. Huzuni ikamshika Bill sana hata akashindwa masomo. Huzuni ile ilimrudia mara nyingi katika maisha yake.

2. Kikombe cha kwanza

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika vita kubwa ya kwanza, na Bill akawa ofisa kijana wa jeshi katika mji wa New Bedford. Matajiri wa pale waliwaalika maofisa nyumbani mwao. Bill alikuwa mtu wa haya, hakujua namna ya kusema na wakubwa. Wakampa kinywaji, akanywa. Mara moja haya ikatoka, ulimi ukafunguka, akajiona ni mtu kati ya watu. Kumbe mtego ulikuwa pale! Pombe haikuja kwake kama adui, ilikuja kama dawa ya haya.

Tarehe 24 Januari 1918 alioa Lois Burnham, binti wa munganga wa Brooklyn, New York. Akaenda Ulaya na jeshi, akarudi 1919. Alisoma sheria usiku, na mchana alifanya kazi. Kisha akaingia katika biashara ya hisa za makampuni, akapata feza mingi. Na kadiri feza ilivyoongezeka, kulewa nako kuliongezeka.

Tunapaswa kukumbuka hali ya nchi ile wakati ule. Tangu 1920 mpaka 1933 sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuzisha pombe. Mwanzoni watu wengi walipunguza kunywa kweli. Lakini wengine walipika pombe mafichoni, na Bill naye alitengeneza pombe nyumbani mwake. Nyingine zilikuwa na sumu, watu wakapofuka macho, wengine wakafa. Sheria ilifunga milango ya baa, lakini haikuonyesha mlevi mahali pa kuponyeshwa.

3. Kushuka chini

Mwezi wa Oktoba 1929 bei ya hisa ilianguka New York, na mali ya Bill ikaanguka nayo. Yeye na bibi yake wakarudi kukaa katika nyumba ya baba wa Lois. Lois akafanya kazi ya kuuza katika magazini kubwa. Bill alikaa nyumbani, akanywa chupa nzima, kisha nyingine. Alifikia hata kuiba feza katika mfuko wa bibi yake.

Tusifikiri kwamba hakutaka kuacha. Alitaka sana. Aliandika ahadi zake ndani ya Biblia ya jamaa, mara moja, mara ya pili, mara nyingine tena, akiweka na tarehe. Kila ahadi ilikuwa ya kweli siku ile, na kila ahadi ilivunjika.

Tangu 1933 alilazwa mara nne katika hospitali ya Towns, New York, iliyopokea walevi wenye mtu wa kuwalipia. Pale alikutana na munganga William Silkworth. Munganga huyu alimfundisha jambo ambalo watu wachache walilikubali wakati ule: kwamba ulevi ni ugonjwa. Mwili wa mlevi haupokei pombe sawa na mwili wa wengine. Akionja kidogo, hawezi tena kusimama, na akili yake inamrudisha kwenye chupa hata pale amekwisha kuona hasara yote. Bill akafurahi, akafikiri kwamba kwa kujua vile amepona. Akatoka, akanywa tena. Kujua peke yake hakukutosha.

4. Rafiki anapiga hodi

Karibu na mwisho wa Novemba 1934, rafiki yake wa zamani anayeitwa Ebby Thacher akafika kumsalimu. Huyu naye alikuwa mlevi wa kujulikana. Bill akamwekea kinywaji mezani, Ebby akakataa. Alikuwa ameacha pombe kwa msaada wa kikundi cha Wakristo walioitwa Oxford Group, watu waliofundisha kuungama makosa, kulipa deni za zamani na kusaidia wengine. Bill hakupenda maneno ya dini. Lakini hakuweza kukana alichokiona mbele yake: mlevi kama yeye, mwenye macho meupe na mikono isiyotetemeka.

Tarehe 11 Desemba 1934 Bill aliingia Towns mara ya mwisho. Pale kitandani, katika kukata tamaa, alimlilia Mungu, na baadaye alisimulia kwamba chumba kilijaa mwanga na moyo wake ukatulia. Hakunywa tena mpaka kufa. Ebby mwenyewe, jambo la kusikitisha, alianguka mara nyingi baadaye. Hapa tunajifunza kwamba anayekuonyesha njia anaweza kuchoka njiani, na njia ikabaki njia.

5. Akron, Mei 1935

Miezi mitano Bill alitembelea walevi, akiwahubiria. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Lois akamwonyesha kitu kimoja: wale hawakuacha, lakini yeye mwenyewe hakunywa. Naye munganga Silkworth akamshauri apunguze mahubiri, aanze kwa kuwaeleza ugonjwa.

Mwezi wa Mei 1935 Bill alikwenda Akron, mji wa viwanda vya mipira ya magari katika jimbo la Ohio, juu ya kazi. Kazi ikaharibika, wenzake wakarudi New York. Akabaki peke yake katika hoteli na feza kidogo mfukoni. Upande mmoja alisikia kicheko cha watu wa baa. Upande mwingine palikuwa simu na orodha ya makanisa ya mji. Tamaa ikamvuta. Akaelewa kwamba asipopata mlevi wa kusema naye, yeye mwenyewe atalewa usiku ule. Akaenda kwenye simu. Mchungaji mmoja akampa majina, akapiga huku na huku, mpaka akampata mama Henrietta Seiberling, ambaye alimjua mlevi mmoja: Robert Smith, munganga wa kupasua, aliyeitwa na watu Dokta Bob.

Kesho yake, tarehe 12 Mei, wakakutana. Dokta Bob alikuja bila kupenda, akiwa amesema kwamba atakaa dakika 15 tu. Wakakaa zaidi ya saa sita. Sababu gani? Wengi walikuwa wamemwombea, wamemkemea, wamemshauri. Huyu hakumkemea. Alisimulia tu namna alivyokunywa, namna alivyodanganya, namna alivyoogopa. Tena alisema wazi kwamba amekuja kuomba msaada juu yake mwenyewe. Dokta Bob alianguka mara moja tena, kisha akaacha kabisa. Siku inayohesabiwa ni tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo inashikwa kama mwanzo wa chama chao. Wawili hao wakaenda hospitali ya mji, wakamtafuta wa tatu, wakili mmoja. Naye akapona.

6. Kazi inakua

Mwaka 1939 walichapisha kitabu kilichotoa jina la chama, Alcoholics Anonymous, maana yake Walevi Wasiotajwa Majina. Ndani yake Bill aliandika Hatua Kumi na Mbili. Mlevi anakubali kwamba pombe imemshinda, anamtegemea Mungu kadiri anavyomwelewa, anatazama makosa yake, anatengeneza alichoharibu kwa wengine, kisha anapeleka habari kwa mlevi mwingine.

Wakati ule hospitali nyingi zilikataa walevi. Mwaka huo wa 1939, huko Akron, sista Mkatoliki Ignatia alikubali kuwapokea pamoja na Dokta Bob, na mlevi wa kwanza akaandikwa kama mgonjwa wa tumbo ili apate kitanda! Mpaka Dokta Bob alipokufa, Novemba 1950, walikuwa wamehudumia walevi karibu 5,000. Mwaka 1951 Lois na rafiki yake walianzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, maana mlevi hagonjwi peke yake. Mwaka 1953 wengine walifuata njia ile juu ya bangi, heroini na mengine, katika chama cha Narcotics Anonymous. Mwaka 1956 chama kikubwa cha waganga wa Marekani kilikubali kwamba mlevi ni mgonjwa wa kupokelewa hospitalini. Na mwaka 2020 wachunguzi waliolinganisha masomo 27 waliona kwamba njia ya Hatua Kumi na Mbili, ikifundishwa vizuri, inasaidia watu kukaa bila pombe sawa na matunzo mengine, na mara nyingi kuyapita.

7. Mambo yaliyomshinda

Tusimfanye Bill malaika. Huzuni ya ujana ilimrudia kwa miaka mingi, hata siku nyingine hakuweza kutoka kitandani. Na sigara hakuiweza. Aliivuta mpaka mapafu yake yakaharibika. Alikufa Miami tarehe 24 Januari 1971, siku ya kutimiza miaka 53 ya ndoa yake. Alikuwa amekataa heshima za chuo kikuu cha Yale, na juu ya kaburi lake hawakuandika kitu chochote juu ya chama chake.

8. Na sisi je?

Kila eneo na kilevi chake, na vilevi vinabadilika. Marekani ya Bill iliogopa wiski. Marekani ya 2021 ilizika katika mwaka mmoja watu zaidi ya 100,000 waliokufa kwa kuzidisha madawa, wengi kwa yale yenye nguvu kama fentanili. Kwetu Congo tunajua lutuku, kanyanga na bangi, na mwaka 2021 Kinshasa iliona vijana wakitumia unga ulioitwa bombe, uliochanganywa na vumbi la ndani ya bomba la moshi wa magari. Majina si mamoja, lakini mtu anafungwa namna moja.

Sisi wakubwa wa wanafunzi tunapaswa kuangalia sheria ya shule, na sheria ibaki. Lakini tumeona kwamba kumwandika mtu katika kitabu cha makosa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni hii.

Kwanza, mtu anayekunywa sana kila siku tusimfungie nyumbani aache kwa ghafula. Anaweza kutetemeka, kuanguka sawa na kifafa, kuona vitu visivyoko, hata kufa. Apelekwe kwa munganga, atunzwe siku zile za kwanza. Munganga wa kituo cha karibu akishindwa, atuonyeshe mahali wanapotunza wagonjwa wa akili, kwa maana wao ndio wamezoea ugonjwa huu. Kinshasa kuna CNPP, na Bukavu kuna Sosame, iliyofunguliwa 1994.

Pili, nyuma ya hospitali asiachwe peke yake. Katika kila mtaa kuna mtu mmoja aliyelewa zamani akaacha. Tumtafute huyo. Baba wa kanisa asiyepata kuonja anaweza kumwombea mlevi, na ni vema, lakini yule aliyepita mlemle anasikilizwa haraka zaidi.

Tatu, tusimsubiri apoteze kila kitu. Na akianguka mara ya pili, tusiseme kwamba hana dawa. Bill alilazwa mara nne.

Kama kati yetu kuna mwenzetu anayekunywa mafichoni, au anayeogopa kurudi likizo juu ya hali ya nyumbani kwao, asikae na jambo hilo peke yake. Aseme na mwalimu anayemwamini, au na mmoja wetu. Tutaketi naye, na kama dakika 15 hazitoshi, tutakaa saa sita.