EDWIN LINK: FUNDI WA VINANDA ALIYEWAFUNZA MARUBANI

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Lakini msomaji mpenzi, kuna Mmarekani mmoja aliyeitafuta kinga hiyo maisha yake yote, na kwa kiasi kikubwa akaipata. Huyo si mwingine ila Edwin Link.

Link alizaliwa mwaka wa 1904 katika jimbo la Indiana. Babake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, New York, na humo ndimo kijana alimojifunza ufundi. Mikono ilikuwa kwenye vinanda, moyo ulikuwa angani. Shida ni kwamba masomo ya urubani yalikuwa ghali mno, na aliyekosea huko juu huenda asipate nafasi ya kujaribu tena.

Basi Link akawaza: mbona mtu asijifunze akiwa chini? Alichukua mivukuto ya vinanda, akaweka juu yake kijindege cha mbao. Mwanafunzi akisukuma usukani, mvukuto huu unajaa hewa, ule unanywea, na kijindege kinainama kama ndege ya kweli! Alikikamilisha mwaka wa 1929. Wakubwa wakakidharau, kikaishia kwenye viwanja vya burudani.

Kumbe siku yake ilikuwa inakuja. Mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka gizani na ukunguni wakitegemea vipimo peke yake. Kwa muda mfupi tu, zaidi ya 10 walikufa. Hapo jeshi likamkumbuka Link na kununua mashine 6. Rubani alifungiwa ndani asione nje, akajifunza kuamini vipimo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mashine kama 10,000 ziliwafunza wanajeshi zaidi ya 500,000.

Mashirika ya ndege za abiria nayo hayakulala. American Airlines ilinunua mashine hiyo mwaka wa 1937. Baadaye kampuni aliyoianzisha Link iliunda mashine za kuwafunza wanaanga wa Apollo. Kabla ya watu kutua mwezini mwaka wa 1969, walikuwa wameshatua mara nyingi wakiwa papa hapa duniani, huku walimu wakiwategea hitilafu za kila aina. Marubani wa abiria hufunzwa vivyo hivyo: injini inazimwa makusudi, moto unawaka wa kuigiza, na hakuna anayeumia.

Mwaka wa 1973 mwanawe Link alikufa ndani ya chombo cha chini ya bahari kilichonaswa. Mzee hakukata tamaa, bali aliunda kifaa cha kuokoa waliokwama vilindini. Alifariki mwaka wa 1981.

Wanafunzi wenzangu, tusiogope kukosea mazoezini. Tukosee huko, tusije tukakosea penye roho za watu.