Daktari John Rae, Msafiri wa Nchi ya Barafu

Upande wa kaskazini kabisa wa dunia iko nchi ambayo jua halichwi siku nyingi wakati wa kiangazi, wala halichomozi siku nyingi wakati wa baridi. Bahari yenyewe huganda ikawa ngumu, hata watu huweza kutembea juu yake na kuvuta mizigo yao. Yeyote aliyeiona theluji nyeupe juu ya kilele cha Kilimanjaro, na afikiri nchi nzima, mabonde na pwani, imefunikwa vivyo hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Miti haioti huko, wala mahindi, wala mtama. Hata hivyo nchi hiyo ina wenyeji wake. Zamani wageni waliwaita Waeskimo, lakini wao wenyewe hujiita Wainuit, na maana yake ni watu. Tangu mamia ya miaka wamekaa huko, wakila nyama ya kulungu wa kaskazini, na samaki, na sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi. Habari hii ni ya Mzungu mmoja aliyekubali kuwa mwanafunzi wao, na jinsi alivyopata taabu kwa sababu aliliamini neno lao.

John Rae alizaliwa tarehe 30 Septemba 1813 katika visiwa vya Orkney, vilivyo kaskazini ya Uskoti. Baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja mwenye ardhi nyingi. Mtoto huyu alipenda sana kuendesha mashua katika mawimbi makali, kuvua samaki, kuwinda, na kupanda majabali. Alipokuwa kijana alipelekwa mji wa Edinburgh kujifunza udaktari, akafaulu mwaka 1833. Mwaka ule ule aliingia katika merikebu ya Kampuni ya Hudson's Bay, awe mganga wa mabaharia. Kampuni hiyo ilifanya biashara ya ngozi za wanyama huko Kanada.

Wakati wa kurudi, barafu iliziba njia, wakalazimika kukaa kisiwani miezi yote ya baridi. Wengi waliugua ugonjwa wa fizi, unaowapata watu wasiokula matunda wala mboga, na wawili wakafa. Rae alifukua theluji akatafuta matunda madogo mekundu yaliyofichwa chini yake, akawalisha wagonjwa, nao wakapona. Baada ya hayo hakurudi kwao. Alikaa miaka kumi katika kituo cha Moose Factory, akiwatibu wazungu na wenyeji. Wenyeji wa huko, Wakree, walimfundisha kuwinda, na kutembea kwa viatu vipana vilivyosukwa kama wavu, ambavyo humzuia mtu asizame katika theluji. Rae hakuona haya kuuliza, akawa mtembeaji hodari kuliko wengi.

Mwaka 1846 Kampuni ilimtuma akachore ramani ya pwani ya kaskazini ambayo wazungu hawajaijua. Alikwenda na mashua mbili na watu wachache, nao hawakuchukua chakula cha kutosha mwaka mzima. Walipofika mahali palipoitwa Repulse Bay walijenga nyumba ya mawe. Lakini nyumba ile ilikuwa baridi mno, wala hapakuwa na kuni ila magugu makavu. Basi Rae akawatazama Wainuit jinsi wanavyofanya, akajifunza kwao.

Wainuit hukata theluji iliyoshindiliwa na upepo kwa kisu kirefu, wakapata vipande kama matofali makubwa. Huvipanga kwa mviringo, kila mstari ukiinama ndani kidogo, mpaka juu pakafunga kama kuba. Nyumba hiyo huitwa iglu. Mlango wake ni wa chini, na mahali pa kulala pameinuliwa, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda juu na yenye baridi hushuka. Taa ndogo ya mafuta ya sili hutosha kuondoa ukali wa baridi. Rae aliona ya kuwa mtu anayelala hemani hulowa, maana pumzi yake huganda juu ya nguo za kulalia. Bali katika iglu pumzi huganda ukutani. Tena msafiri hana haja ya kubeba hema, kwa sababu nyumba yake huijenga kila jioni kwa vitu vilivyo miguuni pake. Alijifunza pia kupaka maji chini ya sleji, yaani gari lisilo na magurudumu, ili yagande na kuifanya iteleze upesi. Kwa akili hizo alichora zaidi ya maili 600 za pwani, akarudi mwaka 1847 na watu wake wote wakiwa hai.

Wakati huohuo msiba mkubwa ulikuwa umetukia. Mwaka 1845 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir John Franklin na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini ya Amerika mpaka upande wa Asia. Watu 129 waliingia katika barafu pamoja na vyakula vya miaka mitatu, na hapana aliyerudi. Merikebu nyingi zilitumwa kuwatafuta. Serikali ikaahidi pauni 10,000 kwa mtu atakayeleta habari ya hakika ya mwisho wao. Rae naye alitafuta kwa miaka kadhaa, asiwaone.

Mwaka 1853 alisafiri tena, si kumtafuta Franklin, bali kumaliza kuchora pwani. Mwezi wa Aprili 1854 alikutana na Mwinuit mmoja, jina lake In-nook-poo-zhee-jook, aliyevaa kichwani utepe wa dhahabu uliotoka katika kofia ya mzungu. Rae alimwuliza kwa kinywa cha mkalimani wake, William Ouligbuck, kijana Mwinuit. Yule mtu akajibu ya kuwa wazungu wengi, thelathini na watano au arobaini, walikufa kwa njaa mbali upande wa magharibi, karibu na mto mkubwa. Yeye mwenyewe hakufika huko, lakini alizipata habari kwa wenzake.

Rae hakuamini upesi, wala hakudharau. Aliununua utepe ule, akawaomba Wainuit wote wenye vitu vya wazungu wamletee. Aliporudi Repulse Bay wengine walikuja na vijiko na nyuma za fedha, na sahani ndogo ya fedha iliyochorwa jina la Franklin mwenyewe. Aliwauliza mmoja mmoja, akapatanisha maneno yao, akaona yanakubaliana. Walisema ya kuwa miaka minne iliyopita wenzao waliona wazungu kiasi cha arobaini, wamekonda, wakivuta mashua juu ya barafu. Wazungu wale walionyesha kwa ishara ya kuwa merikebu zao zimevunjwa na barafu, wakanunua nyama kidogo ya sili. Baadaye zilionekana maiti zao. Tena kulikuwa na neno zito: alama za maiti na vitu vilivyomo katika vyungu vilionyesha ya kuwa waliobaki hai, kwa kuzidiwa na njaa, walikula nyama ya wenzao waliokufa.

Katika safari hiyo Rae alivumbua pia ya kuwa nchi ya King William ni kisiwa, nayo imetengwa na bara kwa mlango wa bahari. Mlango huo hata leo huitwa kwa jina lake.

Sasa Rae alikuwa na shauri gumu. Angaliweza kungoja akaenda mwenyewe kuzitafuta maiti. Lakini alijua ya kuwa merikebu nyingine zilikuwa zikihatarisha watu wake mahali pasipo na faida. Aliona afadhali kupeleka habari upesi. Akafika London mwezi wa Oktoba 1854, akatoa taarifa yake kwa wakuu wa merikebu za Serikali pasipo kuficha neno, nayo ikachapwa katika magazeti.

Watu walighadhibika sana. Mjane wa Franklin, Lady Jane Franklin, hakukubali hata kidogo ya kuwa mabaharia wa Uingereza waweza kutenda tendo kama lile. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri, aliandika katika gazeti lake ya kuwa neno la Wainuit si la kutegemewa, akadhania huenda wao wenyewe ndio waliowaua wazungu. Wengine walimlaumu Rae kwa kuwa hakwenda kupaona mahali penyewe. Angaliweza kujiokoa kwa kusema ya kuwa amedanganywa na wenyeji, na mara heshima yake ingalirudi. Hakufanya hivyo. Aliandika majibu katika gazeti lile lile la Dickens, akawatetea Wainuit na mkalimani wake, kwa kuwa alikaa kwao na kuijua tabia yao.

Mwaka 1856 alipewa zile pauni 10,000, naye pauni 2,000 katika hizo zikagawiwa watu aliosafiri nao. Lakini heshima hakupewa. Mwaka 1859 watu wa nahodha McClintock walikuta mifupa katika kisiwa cha King William, na barua iliyoeleza ya kuwa Franklin alikufa tarehe 11 Juni 1847, na merikebu ziliachwa mwezi wa Aprili 1848. Hivyo neno la Wainuit juu ya mahali na njaa likathibitika. McClintock akafanywa Sir, Rae hakufanywa. Alikufa London tarehe 22 Julai 1893, akazikwa kwao Orkney, karibu na kanisa kuu la Kirkwall.

Lakini kweli haiozi. Mwaka 1903 Roald Amundsen wa Norwe alisafiri kwa chombo kidogo, akapita katika mlango wa bahari wa Rae. Alikaa karibu miaka miwili jirani na Wainuit, akajifunza mavazi yao ya ngozi na namna yao ya kusafiri kwa mbwa. Akawa mtu wa kwanza kuimaliza njia ile kwa chombo, mwaka 1906. Miaka ya 1990 wataalamu walichunguza mifupa ya mabaharia wa Franklin, wakaona alama za visu. Hivyo hata lile neno zito lilikuwa kweli. Mwaka 2014 Erebus ilionekana chini ya bahari, upande ule ule uliotajwa katika masimulizi ya wazee wa Kiinuit. Mwaka 2016 Terror nayo ilionekana, baada ya mwindaji mmoja Mwinuit kueleza ya kuwa aliwahi kuona mlingoti umetokeza katika barafu. Habari ambazo wakubwa wa London walizidharau, wazee walikuwa wamezitunza vinywani mwao zaidi ya miaka 160.

Siku hizi nchi ile inabadilika. Joto la kaskazini linaongezeka upesi kuliko la dunia kwa jumla, na barafu ya bahari imepungua sana tangu 1979, mwaka ambao wataalamu walianza kuipima daima kwa mitambo iliyo juu angani. Wawindaji wa Kiinuit wanaona barafu inachelewa kuganda na inawahi kuvunjika, na mahali palipopitika zamani pameleta hatari. Mtu aliyelelewa huko huijua barafu kwa rangi yake, na kwa kuipiga kwa ncha ya chuma. Kwa hiyo wataalamu wengi huenda kwao sasa na vipimo vyao, kisha huuliza na kusikiliza. Mitambo huona upana wa barafu kutoka juu. Mwenyeji hujua kama itamchukua mtu leo.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. John Rae aliuliza, akapima maneno aliyoambiwa, na alipoyaona kuwa kweli hakuyaacha kwa kuogopa wakubwa. Hilo lilimpotezea sifa wakati wa uhai wake, lakini halikumpotezea haki.

Maswali

1. Kwa nini mtu alalaye katika iglu halowi kama alalaye hemani?
2. Rae alifanya nini ili ajue kama habari za Wainuit ni kweli?
3. Kwa nini hakungoja kuzitafuta maiti yeye mwenyewe? Je, alifanya vema?
4. Ni mambo gani yaliyovumbuliwa baadaye yaliyothibitisha maneno ya wenyeji?
5. Tajeni jambo moja ambalo wazee wa kijiji chenu hulijua juu ya mvua au upepo, na jinsi mnavyoweza kulipima.