Barényi na Kizimba cha Chuma: Si Kila Kigumu Huokoa

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wazee wa pwani walioifuma methali hii walikuwa na majahazi mawazoni, lakini si vibaya kuiazima kwa ajili ya vyombo vya nchi kavu. Kila siku twaingia garini, twafunga mlango na kushika njia, bila kujiuliza ni nani aliyeketi akawaza jinsi chombo hicho kitakavyovunjika siku ya kuvunjika. Naam, hata kuvunjika huundwa. Makala haya yanamhusu mja mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kufikiria namna gari linavyopaswa kuvunjika ili aliyemo ndani asivunjike.

Kilichonikumbusha habari zake ni kisa kidogo. Majuma machache yaliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani alinipa lifti jijini Nairobi. Gari lake lilikuwa Subaru ya rangi ya buluu, lenye injini iliyoongezwa nguvu na mngurumo wa kuwaamsha wafu. Ndani yake, mafundi wa gereji walikuwa wamechomelea mabomba ya chuma kuanzia sakafuni hadi darini, mfano wa yale yaonekanayo katika magari ya Safari Rally. Nilipoinama kuingia kiti cha nyuma, utosi wangu uligota kwenye bomba, nikaona nyota mchana. Kijana alicheka kwa adabu, akaniambia kwamba mabomba hayo ndiyo usalama wake. Kando yangu kilikuwako kiti cha mtoto, kimefungwa barabara, na bomba lilipita shubiri moja tu kutoka mahali ambapo kichwa cha mtoto huyo hukaa.

Sisi watu wa isimu hatuwezi kupita neno bila kuligeuzageuza. Vyuma hivyo naviita kizimba, kwa kuwa sijapata neno lililo bora zaidi. Kizimba ni kibanda cha kufungia kuku wasiliwe na kicheche. Kizimba pia ni pale anaposimama mshtakiwa mahakamani akisubiri hukumu. Neno ni lile lile, lakini mmoja amehifadhiwa na mwingine amenaswa. Swali langu la leo ni hili: dereva wa barabarani aliyejizungushia kizimba cha chuma, ni yupi kati ya hao wawili?

Béla Barényi alizaliwa tarehe 1 Machi 1907 huko Hirtenberg, mji mdogo karibu na Vienna, enzi za Dola ya Austria na Hungaria. Ukoo wake ulikuwa wa mabwanyenye, nao ulimiliki motokaa wakati ambapo wengi wa majirani walikuwa wakitembea kwa miguu au kwa farasi. Lakini mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari, na vita havingoji hata wenye daftari. Vita Vikuu vya Kwanza vilimwondolea babake, na misukosuko ya uchumi iliyofuata ikaufilisi ukoo. Kijana aliyezaliwa katika neema akawa anatafuta karo.

Hata hivyo alifaulu kuingia chuo cha ufundi cha Vienna akasomea uhandisi wa mitambo. Mnamo 1925, akiwa na umri wa miaka kumi na minane tu, alichora gari la watu wa kawaida ambalo injini yake ilikaa nyuma. Miaka mingi baadaye, gari la Volkswagen lenye umbo la kombamwiko lilipoenea duniani na sifa zake zote kupewa watu wengine, Barényi alikwenda mahakamani nchini Ujerumani katika miaka ya 1950, na mchango wake wa mwanzo ukatambuliwa. Jambo hili latuonyesha tabia yake: hakuwa mtu wa kupiga domo, bali hakuwa tayari kuona haki ya fikra ikipotea.

Baada ya masomo alitangatanga katika kampuni kadhaa za magari, kazi ikipatikana leo na kukatika kesho. Ilipofika 1939 aliomba kazi katika kampuni ya Daimler-Benz, watengenezaji wa Mercedes-Benz. Kwanza alikataliwa. Hakukata tamaa, alirudi tena, na safari hii alisikilizwa na Wilhelm Haspel, mmoja wa wakuu wa kampuni. Barényi alimweleza bila kupepesa macho kwamba karibu kila kitu katika magari yao kilistahili kubadilishwa, kuanzia mihimili ya magurudumu hadi usukani. Mkubwa mwingine angalimfukuza. Haspel alimwajiri, akampa nafasi ya kuwaza mambo ya miaka ya mbele katika kiwanda cha Sindelfingen.

Ili tuupime uzito wa mawazo yake, hatuna budi kukumbuka imani ya zama hizo. Karibu kila mtu, fundi na mteja, aliamini kwamba gari salama ni gari gumu. Gari likigonga ukuta na kubaki zima, lilisifiwa. Tatizo ni kwamba gari lilibaki zima ilhali waliokuwamo waliokotwa maiti. Barényi aliona kosa lililojificha ndani ya imani hiyo. Mgongano una nguvu zake, na nguvu hizo haziyeyuki hewani. Ama zitamalizwa na bodi ya gari, ama zitamalizwa na mifupa ya binadamu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Mwili wa abiria ukisimamishwa polepole ndani ya umbali wa nusu mita, hukandamizwa kwa nguvu ya wastani ipatayo mara 20 ya uzani wake. Mtu mzima aliyefungwa mkanda aghalabu huweza kuvumilia hayo kwa muda ule mfupi. Mwili huo huo ukisimamishwa ndani ya sentimita 5, nguvu hiyo hufika karibu mara 200. Hapo hapana tena habari ya uvumilivu. Tofauti kati ya uhai na mauti ni umbali tu, na umbali huo hupatikana pale ambapo chuma hukubali kujikunja. Samaki hukunjwa angali mbichi. Akisha kukauka huvunjika, na pengine humchoma mkunjaji.

Mnamo Januari 1951 Barényi aliwasilisha ombi la hataza lililobeba wazo hilo, na mwaka wa 1952 hataza ikatolewa. Aligawanya gari sehemu tatu. Ya mbele na ya nyuma zilikuwa laini, zilizokusudiwa kukunjamana kwa mpango na kula nguvu za mgongano. Ya kati, yaani chumba cha abiria, ilikuwa imara isiyobonyea. Natumai msomaji amekwisha kugundua kwamba Barényi hakuukataa ugumu. Aliupangia mahali pake. Ugumu bila ulaini wa kuutangulia ulikuwa kwake nusu ya kazi, na nusu ya kazi huua.

Mwaka wa 1959 yalitoka magari ya Mercedes-Benz yenye mikia iliyochongoka kama mapezi ya samaki, nayo ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kuuzwa yakiwa yamejengwa kwa kanuni hiyo kwa ukamilifu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo kampuni ilianza majaribio ya kuyagongesha magari makusudi ili kuchunguza yanavyoharibika. Wakenya wa rika la wazazi wetu waliyajua magari hayo: Mercedes-Benz 220 SE iliyoendeshwa na John Manussis ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka wa 1961. Kwa hivyo fikra za Barényi zilikwisha kula vumbi la nchi yetu kabla hatujapandisha bendera yetu.

Mnamo 1963 lilifuata gari dogo la kasi, la viti viwili, ambalo paa lake la kutolewa lilibonyea katikati kama mapaa ya mahekalu ya mashariki ya mbali. Wengi waliona urembo, ila umbo lile lilikuwa na kazi yake: lilitokana na fikra za Barényi kuhusu paa imara lililobebwa na nguzo nyembamba, ili dereva aone vizuri. Vilevile aliushughulikia mhimili wa usukani, ambao katika magari ya kale ulikuwa mkuki uliosubiri kifua cha dereva. Aliubuni upya ili ujikunje unapogongwa. Wazo hilo alilipatia hataza katika miaka ya 1960, lakini lilingoja hadi 1976 kuingizwa kikamilifu katika magari ya kampuni yake. Alistaafu 1972 akiwa na hataza zaidi ya 2,500. Mwaka wa 1994 jina lake liliingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa motokaa huko Marekani, na tarehe 30 Mei 1997 akafariki dunia huko Böblingen, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 90.

Sasa na turudi kwenye Subaru ya buluu. Je, maisha ya mzee huyu yanasema nini juu ya kizimba cha kijana wangu? Kwa mtazamo wa haraka, yanamuunga mkono, kwani kizimba ni chumba imara, na chumba imara ni nusu ya fikra ya Barényi. Katika mashindano hoja hiyo ni sahihi kabisa. Gari la mbio likibingirika mara tano huko Naivasha, kizimba ndicho kinachozuia paa lisiwafunike dereva na msaidizi wake. Lakini watazame waliomo. Wamevaa helmeti zilizofungwa na kifaa cha kulinda shingo. Wamekaa katika viti vilivyoumbwa kuwashika ubavuni, na mikanda yenye ncha sita imewabana wasitikisike. Kizimba ni kiungo kimoja cha mwili mzima. Ukikikata ukakipeleka peke yake sokoni, si kiungo tena.

Kijana wangu hakuwa na helmeti. Mkanda wake ulikuwa ule wa kawaida wa ncha tatu, ambao umeundwa kuuachia mwili usonge mbele kidogo ndipo uukamate. Katika nafasi hiyo ya kusonga sasa pana bomba la chuma. Gari likigongwa ubavuni, kichwa kitupu hulifikia bomba kabla ya kufika popote. Likigongwa nyuma, kiti cha kawaida hulala, na kisogo kikakutana na upinde wa chuma ulio nyuma yake. Magari mengi ya kisasa yana mapazia ya hewa yaliyofichwa kandokando ya dari, papo hapo mafundi wanapopitisha mabomba. Huenda pazia likashindwa kufunguka inavyostahili. Tena, mabomba yakiendelezwa hadi mbele kwenye injini, yaukaza ule ulaini ambao Barényi aliuhangaikia, na gari likarudi kuwa lile gumu la zamani.

Wako watakaonijibu kwamba vyuma hivyo huvikwa sponji. Sponji rasmi ya mashindano ni nzito na ngumu, kwa kuwa imekusudiwa kupokea helmeti, si fuvu tupu. Ile laini inayouzwa ovyo ni pambo tu. Wako pia watakaosema kwamba magari ya wazi yasiyo na paa, na yale makuukuu yenye nguzo dhaifu, hufaidika na upinde mmoja imara uliowekwa nyuma ya viti, mbali na vichwa. Hao nakubaliana nao, mradi hakuna anayeketi nyuma ya upinde huo. Na anayelipeleka gari lake uwanjani kila wiki kushindana ana sababu zake, ila ajue kwamba akitoka uwanjani, gari lililo salama kule laweza kuwa hatari huku.

Nilimpigia kijana simu siku ya pili nikamweleza haya. Alinisikiliza kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu, kisha akakumbusha gharama aliyoitoa. Sikumlaumu. Fedha alitoa kwa nia njema, kama walivyotoa wanunuzi wa yale magari magumu ya zamani. Nilimwomba jambo moja tu: akiona ni vigumu kuyang'oa mabomba yote, basi ayang'oe yale ya nyuma kabla hajampakia tena mwanawe, na hata hayo yakiondoka, asidhani yale ya mbele yamekoma kuwa hatari kwake yeye.

Barényi alituachia somo lililo pana kuliko magari. Kinga ya kweli huanza kwa kumtazama mwenye kulindwa, udhaifu wa shingo yake na wembamba wa fuvu lake, ndipo chuma kikatafutiwa pa kukaa. Anayeanza na chuma huishia kumlinda chuma. Na kizimba kisichomjua aliyemo, kiwe cha kuku au cha mahakama, hakina huruma naye.