Mekatilili: Mama Aliyekataa Vijana Wasombwe

Ukipita Jomo Kenyatta Avenue hapa kisiwani Mombasa, kuna ukumbusho wa askari wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi tunaupita tu, macho kwa simu. Lakini kuna mama wa Pwani aliyekataa vijana wasombwe hata kabla vita havijaanza.

Alizaliwa Mnyazi wa Menza, Giriamani. Alipomzaa Katilili ndipo akaitwa Mekatilili. Inasimuliwa kwamba utotoni alimwona kakake akitekwa na wauza watumwa. Kijana kuchukuliwa asirudi, hilo alilijua mapema.

Mwaka 1912 afisa Arthur Champion alipelekwa Giriamani kukusanya kodi na vibarua. Mkubwa wake, Charles Hobley, alikuwa hapa Mombasa. Vijana walitakiwa kwenye mashamba ya walowezi na kazi za serikali. Mekatilili, mjane tayari, akazunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na umati ukamfuata. Mwaka 1913, Kaya Fungo, watu wakala kiapo cha kutoshirikiana na serikali: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Champion akakosa vibarua.

Oktoba hiyo akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadori Kola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu, mamia ya kilomita. Si mchezo!

Agosti 1914 vita vikaanza, na sasa wakatakiwa wapagazi wa kubeba risasi na chakula. Wagiriama wakagoma. Kaya ikalipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, watu zaidi ya mia wakauawa. Mwishowe wakatozwa faini ya rupia 100,000 na wanaume 1,000 wa kazi. Mekatilili akakamatwa tena.

Mwaka 1915 sheria ikaruhusu wapagazi wachukuliwe kwa nguvu. Mafunzo? Yapi! Unapewa mzigo, unaambiwa tembea. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zimebeba jina la kikosi chao.

Mekatilili alirudi nyumbani 1919, akafariki miaka michache baadaye. Kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Siku hizi haji afisa na bunduki, anakuja ajenti na mkataba wa ng'ambo. Nilipoacha chuo, mmoja alinifuata. Nilipomuuliza kazi yenyewe ni gani, akakata simu.