Kasisi Dick Sheppard na Mlango Usiofungwa

Katika kalenda ya Kanisa letu tarehe 11 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Martin, Askofu wa Tours, yule askari aliyekata joho lake vipande viwili penye lango la mji wa Amiens akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Habari hiyo twaijua tangu shule ya Jumapili. Safari hii twapenda kuwasimulia juu ya kasisi mmoja wa Kiingereza aliyekabidhiwa kanisa lenye jina la mtakatifu huyo, naye akalichukua jina hilo kuwa ni agizo.

Jina lake kamili lilikuwa Hugh Richard Lawrie Sheppard, lakini watu wa London walimwita Dick tu, wakubwa kwa wadogo. Alizaliwa Windsor tarehe 2 Septemba 1880, baba yake akiwa kasisi katika makanisa ya mfalme. Kwa hiyo alikulia karibu na jumba la kifalme, na angeweza kuishi maisha yake yote kati ya watu wa namna hiyo bila mtu kumlaumu. Shuleni Marlborough hakufurahi hata kidogo. Sisi tuliozeekea darasani twawajua watoto wa aina yake: si wajinga, si wakorofi, bali wana moyo mwepesi wa kuumia, na shule ya bweni huwaponda. Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika ya Kusini alijitolea kwenda kupigana, lakini akiwa njiani kwenda kituo cha treni alipata ajali ya gari la farasi, mguu ukaharibika. Tangu siku ile alichechemea. Basi mtu ambaye baadaye alikuja kuwa adui mkubwa wa vita aliepushwa na vita kwa ajali ya barabarani.

Baada ya masomo ya Cambridge alikwenda kuishi Bethnal Green, upande wa mashariki wa London, katika nyumba iitwayo Oxford House. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1884 ili vijana waliosoma vyuo vikuu wakae kati ya maskini, wawajue. Hapo ndipo Dick alipopata elimu yake ya kweli. Aliona familia nzima katika chumba kimoja, na wanaume wanaotoka alfajiri kwenda bandarini kungoja kibarua na kurudi mikono mitupu. Kwa muda alikuwa mwandishi wa Cosmo Gordon Lang, Askofu wa Stepney, yule aliyepanda baadaye hata kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1907 akapewa daraja ya ushemasi, na baada ya miaka michache akarudi Oxford House akiwa mkuu wake. Alifanya kazi mno, afya ikavunjika. Neno hilo, afya ikavunjika, itatubidi kulirudia katika habari hii, maana alikuwa na pumu kali, na kupumzika hakujua.

Mwaka 1914 akaitwa kuwa kasisi wa St Martin-in-the-Fields. Kanisa hilo linasimama penye ukingo wa Trafalgar Square, katikati kabisa ya mji. Lilijengwa na James Gibbs, likamalizika mwaka 1726. Ni jengo zuri mno lenye nguzo kubwa mbele na ngazi pana, lakini siku zile waliosali humo walikuwa wachache, na mtaa ulikuwa umepoa. Dick hakuanza kazi mara moja. Vita Kuu ilikuwa imekwisha kuanza, naye akaenda Ufaransa kuwa kasisi katika hospitali ya vita. Alikaa huko muda wa miezi michache tu, kando ya vitanda vya vijana waliokuwa wakifa, akarudi amechoka mwili na roho. Novemba mwaka huo huo akasimikwa katika kanisa lake.

Sasa twawaomba mpige picha ya mahali penyewe. Hatua chache kutoka kanisani kuna kituo cha Charing Cross. Kila siku treni zilishusha askari waliotoka Ufaransa kwa likizo, wengine usiku wa manane, matope ya mahandaki yakiwa bado kwenye viatu. Wengi hawakuwa na ndugu London, na treni ya kwenda kwao haikuwapo mpaka asubuhi. Hoteli ziliwashinda bei. Waliozunguka kuwangoja walikuwa watu wa pombe na wezi. Na upande wa pili wa uwanja, jengo kubwa la Mungu limefungwa kwa komeo.

Dick akaamuru mlango usifungwe, mchana wala usiku. Taa ikawaka. Askari wakaingia, wakalala juu ya viti vya kanisa na katika chumba cha chini, ambacho zamani kilikuwa mahali pa kuzikia. Ndege za Wajerumani zilipokuja kutupa mabomu, watu wa mitaani nao wakakimbilia humo chini. Chakula na chai vikapikwa. Waliohudumu walikuwa waumini wenyewe, kwa zamu, kama zamu zetu za kufagia kanisa.

Haikumpendeza kila mtu. Kanisa ni nyumba ya ibada, walisema wengine, na mtu aliyelala usiku kucha na nguo zake mbichi huacha harufu. Tusiwacheke upesi watu hao. Mtaa wowote mjini leo ukifungua mlango usiku, Jumapili ya pili halmashauri itakuwa na ajenda ndefu: nani atasafisha, nani atalinda sadaka, choo kitatosha? Maswali hayo ni halali. Dick alichokataa ni kwamba maswali hayo yatangulie mbele ya mtu aliyesimama mlangoni.

Vita ikaisha tarehe 11 Novemba 1918, siku ya Mtakatifu Martin hasa. Ungedhani kazi ya chumba cha chini ingeisha nayo, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Askari wale wale walirudi kwao wakakuta hakuna kazi. Mwaka 1921 wasio na kazi Uingereza walipita milioni mbili. Watu waliovaa nishani za vita waliuza viberiti kando ya barabara, na waliokosa kodi ya chumba walilala penye mabenchi ya ukingo wa mto Thames.

Yafaa tueleze sheria ilivyowatazama watu hao. Tangu mwaka 1824 kulala nje bila makazi wala riziki ya kuonekana lilikuwa kosa, mtu aliweza kukamatwa na kupelekwa kwa hakimu. Sheria yenyewe ilitungwa wakati askari wa vita vya Napoleon wamerudi na kutangatanga, kwa hiyo si mara ya kwanza nchi ile kuwatuma watu vitani na kisha kuwaona kero. Asiyetaka kukamatwa aliweza kubisha hodi katika nyumba ya maskini ya serikali. Huko aliogeshwa, nguo zake zikachukuliwa, akalala, na kabla ya kuachiliwa alivunja mawe au kufumua kamba kuukuu ili kulipia kitanda. Ilikusudiwa makao hayo yawe machungu, ili watu wasiyazoee. Wengi waliona heri baridi ya nje.

Mbele ya mpango huo, chumba cha chini cha St Martin kilikuwa kitu kipya kwa sababu moja tu: mtu hakulipa kitu. Hakuvunja mawe, wala hakuulizwa kwanza kama ni Mkristo, wala kama umaskini wake ameutaka mwenyewe. Wanaume na wanawake waliingia. Sisi twaona ya kwamba hapa ndipo ulipo uzito wa maisha ya Dick Sheppard, kuliko mahubiri yake, ingawa mahubiri yake yaliwafanya watu wapange foleni nje ya kanisa.

Alikuwa na kipawa kingine. Alijua kutumia kila chombo cha kufikisha habari. Gazeti la mtaa wake, St Martin's Review, lilisomwa mbali nje ya London, na waandishi mashuhuri waliliandikia. (Mhariri wetu atatusamehe tukimwonea wivu kidogo.) Tarehe 6 Januari 1924, sikukuu ya Epifania, ibada ya St Martin ilitangazwa na redio ya BBC, ibada ya kwanza kabisa kutangazwa kutoka kanisani katika nchi ile. Wagonjwa vitandani na mabaharia wakamsikia. Kutoka hapo likazaliwa ombi la Krismasi la redio kwa ajili ya maskini wa St Martin. Wengi wetu tuliolelewa kando ya redio ya betri twajua sauti moja ya mbali inavyoweza kuingia nyumbani ikawa kama ya jamaa.

Mwaka 1925 ilipangwa karamu kubwa ya dansi katika ukumbi wa Albert Hall, siku ya ukumbusho wa mwisho wa vita. Dick alikasirika, akaandika gazetini kuipinga. Wengi waliopigana walikuwa kaburini, na wengi waliosalia hawakuwa na kazi. Dansi ikasogezwa mbele siku moja, na katika ukumbi ule ule, tarehe 11 Novemba, yeye akaongoza ibada ya kuwakumbuka waliokufa.

Lakini pumu haikumwacha. Mwaka 1926 akalazimika kujiuzulu, na Pat McCormick akashika mahali pake na kuendeleza kazi. Akiwa mapumzikoni aliandika kitabu chenye maneno makali juu ya Kanisa, nacho kikasomwa sana. Mwaka 1929 akafanywa Deani wa Canterbury, yaani mkuu wa Kanisa Kuu. Watu wakajaa huko nako, kisha mwaka 1931 maradhi yakamwondoa. Mwaka 1934 akawa Kanoni wa Kanisa Kuu la St Paul.

Mwaka huo huo akaandika barua akiwaomba wanaume wamtumie kadi ya posta kila mmoja kuahidi kwamba hatashiriki vita tena kamwe. Zikaja kwa magunia, na watu walioahidi wakapita laki moja. Chama cha ahadi hiyo kikaundwa mwaka 1936. Habari ya chama hicho ni ndefu, na watu wema wamegombana juu yake tangu Hitler alipoivamia Poland, nasi hatutaiingilia hapa. Tutasema tu ya kwamba aliyeyatunga maneno ya ahadi ile alikuwa ameyaona matunda ya vita kila usiku katika chumba cha chini ya kanisa lake.

Kuna jambo jingine ambalo wasifu wa namna hii mara nyingi huliruka. Mwaka 1915 alimwoa Alison Carver, wakapata mabinti wawili. Mwaka 1937 mkewe akamwacha. Nyumba yake yote ilikuwa imejaa watu wengine kwa miaka zaidi ya ishirini, barua zao, simu zao na shida zao. Sisi hatukuwamo ndani, na hatumhukumu mama yule wala mumewe. Lakini makasisi wetu na wake zao wakisoma haya watajua maana yake, na pengine wazee wa kanisa nao watajiuliza kasisi wao alikula lini mara ya mwisho na watoto wake mezani.

Oktoba ya mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimchagua kuwa Rekta wao. Kati ya aliowashinda katika kura alikuwamo Winston Churchill. Siku chache baadaye, Jumapili tarehe 31 Oktoba 1937, alikutwa amekufa penye meza yake ya kuandikia. Alikuwa na miaka 57. Mwili wake ukawekwa St Martin, na watu wakapita mbele ya jeneza kwa siku mbili. Walikadiriwa kufika laki moja. Alizikwa Canterbury, katika ua wa Kanisa Kuu.

Je, alimaliza tatizo? La. Kitanda cha usiku mmoja si nyumba, na Dick hakujenga nyumba. Aliyeanza kujenga, katika London ile ile, ni kasisi kijana Basil Jellicoe, ambaye mwaka 1924 pamoja na wenzake aliunda chama cha kununua na kuboresha nyumba mbovu za Somers Town ili maskini wapange kwa bei wanayoiweza. Kazi hizi mbili zahitajiana. Anayengoja nyumba ijengwe hulala wapi leo usiku? Na anayepewa supu kila jioni, mwaka hata mwaka, nani atampa ufunguo wa chumba chake? Katika miji yetu twawaona vijana wakijifunika maboksi penye baraza za maduka, na mara nyingi twatoa shilingi bila kuuliza swali lolote kati ya hayo mawili.

Huko St Martin kazi haikufa. Mwaka 1948 ilipewa ofisi na wafanyakazi wake yenyewe. Wale wanaokumbuka miaka ya ukombozi watapenda kujua kwamba ngazi za kanisa hilo hilo, lililo jirani na ubalozi wa Afrika ya Kusini, zilikuwa mahali pa kukutania kwa waliopinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 2003 huduma ya wasio na makazi iliunganishwa na ya kituo kingine cha jirani, ikaitwa The Connection at St Martin's. Humo mtu hupata mashauri ya kazi, ya afya na ya kupata makao, si chai peke yake. Ombi la redio hurudi kila Desemba. Chumba cha chini chenyewe siku hizi ni mkahawa, wageni wa mji hunywa kahawa juu ya mawe ya makaburi, na faida yake husaidia kanisa. Wasio na pa kulala hupokewa katika jengo la jirani.