Joseph Monier: Mtunza bustani aliyetia chuma ndani ya saruji

UKIPITA mahali panapojengwa ghorofa au daraja utawaona mafundi wakifunga nondo kwa waya kabla ya kumwaga zege. Kazi hiyo imekuwa ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayejiuliza ilianzia wapi. Mmoja wa walioianzisha hakuwa mhandisi. Alikuwa mtunza bustani, na alichokuwa akikitafuta ni chombo imara cha kupandia miti.

Jina lake ni Joseph Monier. Alizaliwa Novemba 8, 1823 katika kijiji cha Saint-Quentin-la-Poterie, kusini mwa Ufaransa, eneo linalojulikana kwa ufinyanzi. Familia yake ilikuwa ikihudumia mashamba na bustani za mtawala wa Uzès, naye akajifunza kazi hiyo tangu utotoni badala ya kwenda shule. Alipokuwa kijana alipelekwa Paris kutunza bustani, na huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya jioni.

Paris ina baridi kali. Michungwa ilipandwa katika vyombo vikubwa ili majira ya baridi yakifika ihamishiwe ndani. Hapo ndipo ilipokuwa tabu. Vyombo vya mbao vilioza kwa sababu ya unyevu, vya udongo vilipasuka wakati wa kuhamishwa au mizizi ilipotanuka. Kila mkulima wa miche anaijua hasara ya namna hiyo.

Monier akajaribu saruji, lakini saruji peke yake nayo ilipasuka. Ndipo alipotengeneza wavu wa fito nyembamba za chuma wenye umbo la chombo, akaukandika saruji ndani na nje. Chombo kikadumu. Julai 16, 1867 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa vyombo hivyo vya bustani.

Siri yake ni rahisi kuieleza. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Chuma hustahimili kuvutwa. Vikiwekwa pamoja kila kimoja hufunika udhaifu wa mwenzake. Tena vyote viwili hutanuka kwa kiwango kinachokaribiana joto linapopanda, kwa hiyo haviachani, na saruji hukikinga chuma kisishike kutu mradi maji yasipenye.

Haki ni kusema kwamba hakuwa peke yake. Mfaransa mwenzake, Joseph-Louis Lambot, alikwisha kutengeneza mtumbwi wa saruji na waya mwaka 1848. Tofauti ni kwamba Monier hakuishia kwenye chombo kimoja. Mwaka 1868 alisajili mabomba na mabeseni ya maji, 1869 mabamba ya ujenzi, 1873 madaraja, na 1878 mihimili. Mwaka 1875 alijenga daraja dogo katika ngome ya Chazelet, lenye urefu wa karibu mita 14. Linatajwa kuwa daraja la kwanza duniani la saruji yenye chuma.

Hata hivyo, Monier alifanya kazi kwa uzoefu wa mikono, si kwa hesabu. Mwaka 1884 aliuza haki za uvumbuzi wake kwa makampuni ya Ujerumani, na mhandisi Gustav Adolf Wayss akaendeleza biashara hiyo. Mwaka 1886 Mjerumani mwingine, Mathias Koenen, alichapisha njia ya kukokotoa mahali pa kuweka chuma: upande unaovutwa, ambao kwa sakafu iliyoegemea kuta mbili ni upande wa chini. Tangu hapo wahandisi waliweza kupima nguvu ya jengo kabla ya kulijenga.

Wakati wenzake wakipanuka, yeye alididimia. Hataza ya Ufaransa wakati huo haikuzidi miaka 15, na zile za mwanzo zilikwisha muda. Mwanawe Paul alifariki mwaka 1887 baada ya kuanguka akiwa kazini, na mwaka uliofuata kampuni yake ikafilisika. Aliinuka akaanza upya, lakini hakufanikiwa tena kama zamani.

Mlinganishe na François Hennebique, Mfaransa aliyepata hataza yake mwaka 1892. Huyo hakuuza haki zake moja kwa moja. Aliweka ofisi ya kuchora ramani mjini Paris, akawaruhusu wakandarasi kutumia mfumo wake, kila kazi ikamlipa. Kampuni yake ilijenga katika nchi nyingi.

Monier alifariki Paris Machi 13, 1906, akiwa maskini. Jina lake lilibaki: Wajerumani waliziita nondo vyuma vya Monier.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maisha yake yana pande mbili. Kwanza, suluhisho kubwa laweza kutoka kwa mtu wa kawaida anayekabili tatizo la kila siku. Matangi ya saruji na wavu wa waya yanayovuna maji ya mvua vijijini kwetu ni ndugu wa vyombo vyake vya michungwa. Pili, kubuni ni jambo moja na kufaidika ni jingine. Wahenga walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujauza ulichobuni, piga hesabu kitakulipa nini miaka kumi ijayo.